Bonde Katikati ya Rimu

Tairi la pikipiki likikaa sawasawa kwenye rimu hutoa mlio. Unajaza upepo, mpira unavimba taratibu, hakuna kinachotokea, halafu ghafla: po! Upande mmoja umekaa. Unaendelea kidogo: po! Na wa pili. Nimeusikia mlio huo uani kwangu jioni nyingi sasa, na kila mara moyo hunitulia.

Nilifundishwa na mzee mmoja, fundi pancha, anayefanyia kazi chini ya mwarobaini hapa Morogoro, kando ya barabara ninayopita kwenda kufundisha. Nilikuwa nimekwisha kutoboa tyubu mbili mpya, zote nyumbani, zote wakati wa kurudisha tairi. Niliamini napungukiwa nguvu. Siku hiyo nikambebea gurudumu, nikamwamkia, nikamwomba asinifanyie bali anielekeze. Akanipisha kwenye kigoda chake. Alinitazama nikihangaika kwa muda, kisha akauliza, "Mwalimu, huku unavuta. Kule ng'ambo umekuacha vipi?"

Ufundi wote umo katika swali hilo. Mdomo wa tairi, yaani ule ukingo unaokumbatia rimu, una waya wa chuma ndani yake, na waya huo hautanuki. Ukiuvuta kwa nguvu za fahali utachana mpira au utapinda rimu, lakini urefu wake hauongezeki hata unywele. Kinachokusaidia ni umbo la rimu yenyewe. Itazame ikiwa haina tairi: katikati imeshuka kuliko kingo zake, ikafanya bonde linalozunguka duara lote. Mdomo wa tairi ukizama bondeni upande mmoja, upande unaokabiliana nao unapata ulegevu. Ni ulegevu mdogo, lakini unatosha kuuvusha mdomo juu ya ukingo. Ndiyo maana mzee yule hutumia magoti kuliko mikono. Goti moja linakandamiza ng'ambo, linaushikilia mdomo bondeni. Huku mkono unafanya kazi nyepesi, kama ya kufunua mfuniko wa sufuria.

Fikra hiyo ya waya na bonde ni ya Charles Kingston Welch, Mwingereza aliyeipatia hataza mwaka 1890. Miaka miwili kabla yake John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, alikuwa amemtengenezea mwanawe matairi ya upepo ya baiskeli ya magurudumu matatu, lakini hayo yalishikamanishwa na gurudumu moja kwa moja, na kuyabandua ilikuwa kazi ya kuchosha. Jina la Dunlop linajulikana hadi vijijini. Mimi nikipiga goti juu ya tairi namkumbuka Welch.

Kuna mahali pamoja tu ambapo mdomo haukubali kuzama: penye valvu, kwa kuwa shina lake limelijaza bonde. Kwa hiyo unapotoa tairi anzia penye valvu, na unaporudisha malizia hapohapo, ili upande ulio ng'ambo ya valvu ubaki huru kuzama. Mimi nilikuwa nikimalizia popote mkono ulipofika. Tyubu zangu mbili zilikufa kwa kutojua jambo hilo.

Zana ni chache. Vyuma vitatu bapa vya kubandulia vinatosha. Vya mzee vimechongwa kutokana na springi ya gari, na ncha zake amezisugua kwa tupa na msasa hadi zikawa laini kama kijiko. Bisibisi isikaribie tairi kabisa. Ongeza spana za ekseli, pampu, kipimo cha upepo, maji ya sabuni, na gunia kuukuu la kulaza gurudumu. Kazi inayowashinda wengi nyumbani ni ile ya kwanza, kuung'oa mdomo ulioganda kwenye rimu baada ya kukaa miaka. Hapo omba pikipiki ya jirani: laza gurudumu chini ya stendi yake ya pembeni, stendi ikanyage ubavu wa tairi karibu kabisa na rimu, kisha uilaze pikipiki polepole upande huo. Uzito wake unamaliza ubishi.

Tairi likishatoka usilitupe kabla ya kulipapasa ndani kwa kitambaa, si kwa kidole kitupu. Mwiba wa mgunga ukivunjikia humo hauonekani kwa nje, na kama unalirudisha tairi lilelile, utaitoboa tyubu mpya kabla hujafika sokoni. Angalia pia utepe unaofunika vichwa vya spoku, na uzungushe beringi kwa kidole usikie kama zinakwaruza. Napenda hatua hii kuliko zote. Gurudumu ulilolishika hivi hulipandi tena kwa kubahatisha.

Kulirudisha: tazama mshale ubavuni, uelekee gurudumu linakozungukia. Paka tyubu poda, itie upepo kidogo tu ipate umbo, isije ikajikunja na kunaswa. Paka midomo maji ya sabuni. Sehemu kubwa itaingia kwa mikono na magoti; theluthi ya mwisho ndiyo yenye hatari, na hapo chuma kiingizwe kifupi, kivuke ukingo tu, kisichimbe ndani. Mwisho sukuma valvu kwa ndani, isikie ikirudi kwa urahisi, ndipo ujaze. Baada ya milio miwili zungusha gurudumu utazame ule mstari mwembamba ulio juu kidogo ya rimu. Ukiwa umbali uleule duara zima, tairi limekaa. Ukizama mahali, toa upepo, ongeza sabuni, anza tena bila hasira.

Gurudumu la nyuma linaporudi mahali pake, linganisha alama za cheni za kulia na kushoto, jaribu breki, kaza nati ya ekseli. Kisha endesha hadi mwisho wa mtaa peke yako, rudi, uikague nati hiyo kwa spana mara ya pili. Abiria apande baada ya hapo.