Kabati la Kifaransa husomwa kuanzia mgongoni

Rugerero, wilayani Rubavu, iko mwendo mfupi kutoka ufuko wa Ziwa Kivu, na ufuko huo ndio unaoeleza kwa nini fanicha ya Ulaya inaweza kukutwa kwenye sebule ya huku. Wabelgiji waliutwaa mji wa Gisenyi kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, wakajenga nyumba za mapumziko kando ya maji. Mapadri wa Nyundo, jirani na Rugerero, walikwishafika tangu 1901. Basi familia inapogawana urithi na kukuta kabati lenye miguu iliyopinda, maua ya kuchongwa na vishikio vya shaba, jina linalotajwa papo hapo ni "Louis XV". Na kwa kuwa sheria ya Rwanda tangu 1999 imewapa mabinti na wavulana haki sawa ya kurithi, suala la thamani haliishi kwa kaka mkubwa kulibeba kabati kwenda kwake.

Louis XV, mfalme wa Ufaransa, alifariki 1774, lakini mtindo wake ulinakiliwa karne yote ya 19 na kuingia ya 20. Haukunakiliwa Paris peke yake: Liège ilikuwa na wachongaji wake wa mwaloni, na Mechelen ilisifika kwa karakana za fanicha. Kwa historia ya Rubavu, kabati "la Kifaransa" lina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa la Kibelgiji, au la fundi wa hapahapa aliyeonyeshwa picha akaambiwa afuate. Ndiyo maana mtathmini makini haanzi na maua. Anaomba mtu wa kumsaidia kulivuta, kisha anazunguka nyuma.

Huko nyuma mbao ndiyo ya kwanza kusema. Libuyu inayovushwa kutoka Kongo ina wekundu unaofanana na mahogani kiasi cha kumdanganya mtu aliyesimama mlangoni. Fundi wa Paris aliweka mbao ya gharama usoni, mara nyingi kama vinia nyembamba, na mahali pasipoonekana akatumia mwaloni au msonobari. Mgongo na droo zikiwa libuyu tupu, kabati halikuvuka bahari. Mgongo ukiwa plaiwudi, ni kazi ya karne ya 20, au mgongo wenyewe ulibadilishwa.

Kisha droo itolewe kabisa na kupinduliwa mahali ambapo mwanga unaipiga kwa ubavu. Msumeno wa mkono huacha mistari iliyonyooka, nafasi zake hazilingani. Msumeno wa duara, ulioenea katika karne ya 19, huacha mapinde. Meno yanayofungamana pembeni yakilingana yote kama ya kitana, yamekatwa na mashine. Skrubu zenye ncha kali zilienea baada ya katikati ya karne ya 19, ila skrubu hubadilishwa, hivyo tundu lake nalo litazamwe. Bungua naye ni shahidi mzuri. Mdudu huyu hutoka kwa kitundu cha mviringo. Njia zake zikionekana wazi kama mifereji iliyopasuliwa kwa urefu, mbao ilikuwa imekwishaliwa ndipo ikakatwa: mtu alichukua mbao kuukuu akaundia kitu kipya.

Wengi hukimbilia muhuri. Kanuni za chama cha mafundi wa Paris, zilizoandikwa 1743 na kuanza kubana kikamilifu 1751, ziliwataka mafundi wakuu wagonge majina yao kwenye mbao. Chama kilivunjwa 1791. Lakini mafundi wa mfalme na wale huru wa mtaa wa Saint-Antoine hawakubanwa na sharti hilo, kwa hiyo kukosa muhuri si kosa. Kuwa nao pia si ushahidi kamili, kwani muhuri hughushiwa.

Tena hughushiwa na wajuzi. Bill Pallot, mtaalamu aliyeheshimika wa viti vya karne ya 18, na mchongaji Bruno Desnoues walitengeneza viti bandia, vingine vikanunuliwa na kasri la Versailles lenyewe. Muuza vitu vya kale Charles Hooreman alikitilia shaka kimojawapo, akakilamba, akaonja likorisi, mzizi mtamu ambao Desnoues aliutumia kuzeesha mbao. Alionya, asisikilizwe vya kutosha. Kilichowafikisha pabaya ni fedha: wachunguzi walishangazwa na watu wa kipato cha kawaida kununua nyumba za gharama. Mahakama ya Pontoise iliwatia hatiani mwaka 2025.

Kuhusu bei, ya bima, ya dukani na ya mnadani ni tatu tofauti. Kwa kugawana urithi, ya maana ni ile ambayo nyundo ya mnada ilifikia kwa kabati la aina hiyohiyo, ukitoa kamisheni na usafirishaji. Bei iliyobandikwa mtandaoni ni ombi la muuzaji tu. Tangu mwanzo wa karne hii bei ya fanicha ya kawaida ya mbao za kahawia imeporomoka Ulaya, na kabati la karne ya 19 lisilo na jina la fundi huenda lisirudishe hata nauli ya kufika bandari ya Dar es Salaam. Umri peke yake hauamui. Nakala iliyotoka karakana ya François Linke, aliyeng'ara kwenye maonyesho ya Paris ya 1900, inaweza kuuzwa ghali kuliko kabati la kale kweli ambalo fundi wake hajulikani.

Mkoani hapa kuna jambo jingine: maji. Usiku wa kuamkia 3 Mei 2023 mto Sebeya ulifurika Rubavu, ukaingia majumbani. Gundi ya zamani ya ngozi na mifupa huyeyuka ikilowa, vinia ikabanduka. Kabati la namna hiyo likaushwe taratibu kivulini. Lisipigwe msasa wala vanishi kabla ya kutathminiwa, maana msasa huondoa uso ambao mnunuzi angeulipia. Vipande vilivyodondoka viwekwe kwenye bahasha, kila kimoja kikiandikwa kilipotoka.