Magadi Safi Hupimwaje?

Ukipewa karatasi inayosema magadi haya yana usafi wa asilimia 96, usiikubali namba upesi. Omba jedwali la masomo ya bureti. Jaribio la kwanza ni la kukisia, halihesabiwi. Yanayofuata yasipishane zaidi ya mililita 0.1. Masomo matatu yaliyofanana mpaka desimali ya mwisho hunitia shaka: huenda yametoka kwenye kalamu, si kwenye bureti.

Kisha uliza kiashiria kilichotumika, maana hapo wengi hukwama. Mwamba unaochimbwa Ziwa Magadi, Kenya, ni trona: kabonati ya sodiamu na baikabonati, moli kwa moli, pamoja na maji. Kiwandani huchomwa ili baikabonati igeuke kabonati. Ukidondoshea asidi, finolfthalini hupoteza uwaridi kabonati inapokuwa baikabonati, yaani nusu ya safari. Methili orenji husubiri mpaka mwisho. Fundi mzuri huvitumia vyote viwili katika chupa moja. Tuseme uwaridi umetoweka kwenye mililita 12.70, na njano ikageuka rangi ya chungwa kwenye 25.40. Mara mbili kamili: hakuna baikabonati. Ikiwa mara tatu, umeuziwa trona mbichi. Kati ya hapo, uchomaji haukukamilika.

Rangi ya mwisho nayo husema mengi. Nyekundu ni ya aliyepitiliza. Mwenye mkono hufunga koki mapema, huchemsha mchanganyiko kufukuza kaboni dioksidi, huupoza, kisha huendelea tone kwa tone, hata nusu tone lililoguswa ukingoni na kuoshwa kwa maji.

Hesabu ni nyepesi. Gramu 1.40 ziliyeyushwa kufikia mililita 250, zikachotwa 25 kwa pipeti. Asidi hidrokloriki ilikuwa moli 0.1 kwa lita. Mililita 25.40 zina moli 0.00254 za asidi, na kabonati ni nusu yake. Zidisha kwa kumi, kisha kwa 106: gramu 1.346, sawa na asilimia 96.2. Anayeandika 96.157 anajidai tu. Mizani yake haikufika huko.

Asilimia 3.8 iliyobaki bureti haiitaji jina. Huenda ni unyevu, kwa kuwa magadi hufyonza maji ya hewani, basi uliza kama sampuli ilikaushwa kabla ya kupimwa uzito. Huenda ni chumvi ya kawaida: tia asidi nitriki mpaka povu liishe, ongeza matone ya nitrati ya fedha, utazame kama mashapo meupe yatatokea.