Magenge ya Bandia: Uhakiki wa Kitabu cha Frank Kitson

Wapo makada wanaodhani kwamba kitabu cha adui hakifai kusomwa. Sisi tunasema kisomwe, tena polepole, kwa sababu adui anapojisifu husema mambo ambayo asingeyasema akihojiwa. Kwa ajili hiyo katika darasa letu la itikadi hapa Nyegina tulikichambua Gangs and Counter-gangs, kitabu kilichotolewa London mwaka 1960. Mwandishi wake, Frank Kitson, aliyefariki mwaka 2024, alikuwa ofisa wa Jeshi la Uingereza aliyeletwa Kenya mwaka 1953 kufanya kazi ya upelelezi dhidi ya wapiganaji wa Mau Mau. Jambo hili halituhusu kwa mbali. Vikosi vya KAR kutoka Tanganyika navyo vilipelekwa Kenya katika vita vile, na mkoa wetu wa Mara ulitoa askari wengi wa KAR.

Mbinu yenyewe ni nyepesi kuieleza. Mpiganaji anakamatwa, anahojiwa, anageuzwa. Kisha anarudishwa msituni pamoja na askari waliovaa matambara kama wapiganaji, na baadhi yao ni Wazungu waliojipaka rangi nyeusi. Genge hili la bandia linapokelewa na wenzake wa jana kama ndugu, linakula nao, linapeleka habari au linaua. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hapa nguo yenyewe ilishonwa na mkoloni.

Kitson anaandika vizuri, na hatuna haja ya kumnyima sifa hiyo. Anasimulia kwa furaha ya kijana aliye katika mchezo, na msomaji asiye mwangalifu hujikuta anamtakia ushindi. Mwenzake Ian Henderson, ofisa wa polisi aliyejua Kikuyu, alikiita kitabu chake cha mwaka 1958 The Hunt for Kimathi. Neno ni kuwinda. Kimathi alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956 na kunyongwa tarehe 18 Februari 1957, na jina la kitabu linamweka katika kundi la nyati na chui.

Turudi kwa Kitson. Katika maandishi yake anataja mambo matatu yanayomgeuza mtu: kivutio, kitisho, na nafasi ya kujiridhisha yeye na rafiki zake kwamba anachofanya hakina aibu. Kivutio tukiache. Kitisho kilikuwa kitanzi. Chini ya Sheria za Hali ya Hatari, kukutwa na bunduki au risasi tu kuliweza kumnyongesha mtu, na zaidi ya Waafrika 1,000 walinyongwa katika vita hivyo. Nyuma ya kitanzi yalikuwapo makambi na mateso, ambayo Serikali ya Uingereza ilikuja kuyakiri mwaka 2013 na kukubali kuwalipa Wakenya 5,228. Kusema kwamba mateka wa namna hiyo alijiunga kwa hiari ni kucheza na lugha.

Jambo la tatu ndilo lililotuchukua jioni nzima. Kwa nini mkoloni mwenye kitanzi na fedha ahangaike na heshima ya mateka? Ni kwa sababu anajua kwamba mateka ana dhamiri, na kwamba dhamiri hiyo itamzuia. Basi haivunji; anaitafutia sababu nzuri, kisha anaitumia kama ufunguo wa nyumba ya wenzake. Propaganda ya wakati ule iliwaita Mau Mau wanyama wasio na utu. Mbinu ya Kitson isingefanya kazi hata siku moja kama hilo lingekuwa kweli.

Mwanafunzi mmoja alituuliza kama njia hii haikuua watu wachache kuliko mabomu ya ndege za Lincoln yaliyokuwa yakiangushwa misituni. Swali ni la haki. Lakini hesabu ya waliookolewa huandikwa na yule yule anayemwendesha shushushu. Kati ya mwaka 1970 na 1972 Kitson aliongoza brigedi huko Belfast. Hatusemi kwamba yeye ndiye aliyemwendesha mtoa habari wa IRA aliyepewa jina la siri Stakeknife. Hayo yalikuwa ya baadaye. Mtu huyo aliwekwa ndani ya kitengo kile kile kilichosaka na kuua watoa habari. Ilidaiwa kwa miaka mingi kwamba aliokoa mamia. Ripoti ya uchunguzi wa Kenova ya Machi 2024 ilisema waliookolewa walikuwa wachache mno kuliko hao, na kwamba yumkini walipotea watu wengi zaidi ya waliookolewa.

Tena ipo hasara isiyoingia katika hesabu yo yote. Tarehe 24 Aprili 1954 ilianza Operesheni Anvil mjini Nairobi. Watu walipitishwa mbele ya watoa habari waliofunikwa magunia yenye matundu ya macho, na watu zaidi ya 20,000 wakatiwa kizuizini. Gunia lilipovuliwa mtu yule alirudi wapi? Ngũgĩ wa Thiong'o alilishika swali la msaliti anayeishi kati ya watu wake katika A Grain of Wheat mwaka 1967, Kitson hakulishika.

Lakini tusijifanye watakatifu. Hofu ya shushushu huwala hata wapigania uhuru. Katika miaka ya 1980, huko Lubango, Angola, SWAPO iliwafungia mamia ya wanachama wake katika mashimo na kuwatesa kwa tuhuma za kuwa majasusi wa Makaburu. Walionusurika walirudi Namibia mwaka 1989. Nasi Tanzania tulimweka kizuizini Andreas Shipanga na wenzake wa SWAPO, bila kuwafikisha mahakamani, hadi mwaka 1978. Ahadi ya mwanachama wetu inafanya fitina kuwa mwiko. Wanafunzi waliuliza kama mwiko huo ulikumbukwa wakati ule, na mjadala ukawa mkali.

Darasa lijalo litaanzia hapo. Atakayekipata kitabu cha Kitson asome kwanza kurasa za kugeuzwa mateka, ndipo aende kwenye mapigano.