Ufundi wa Kufungasha Kazi ya Java

Kigoma hakuna asiyeijua meli ya Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikajaza makasha yapatayo 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kuletwa huku kuungwa upya. Ilishushwa ziwani Februari 1915, ikiitwa Graf von Goetzen. Chuma kilichosahaulika Papenburg kisingepatikana katika duka lolote la Ujiji.

Anayetuma kazi ya Java kwenye klasta ya Hadoop ana mtihani huohuo. Kwenye kompyuta yake pale Mwanga programu inakwenda vizuri, kwa kuwa Maven imeshamwekea maktaba zote. Ikifika kwenye Hadoop inagawiwa mashine nyingi za mbali, na huko inakuta kile tu alichokifungasha. Kikipungua kimoja, kazi inaanguka.

Nimemtazama fundi mmoja akiitengeneza, na kinachonivutia ni utulivu wake. Habahatishi. Anaushuka msururu wa mistari ya makosa hadi "Caused by" ya mwisho, maana chanzo mara nyingi kiko huko. Akikuta ClassNotFoundException, anajua klasi imetafutwa kwa jina na haikuonekana. NoSuchMethodError ni kesi nyingine: maktaba ipo, ila toleo silo. Hadoop 2 ilikuja na maktaba ya Guava 11.0.2, programu iliyojengwa kwa Guava mpya huweza kushikishwa ile ya zamani, na kuongeza faili kiholela hakuponyi.

Kisha anauliza ni mashine ipi inayolalamika. HADOOP_CLASSPATH huitosheleza ile inayotuma kazi. Zile zinazoifanya hupelekewa maktaba kwa -libjars. Anachungulia ndani ya faili kwa jar tf, akilisaka jina la klasi herufi kwa herufi. Kwa mvn dependency:tree anaona ni maktaba ipi iliyoivuta nyingine.

Hapo ndipo anafungasha. Maktaba zake zinaingia katika faili moja. Za Hadoop anaziandika provided na kuziacha, kwa kuwa klasta inazo tayari. Zinazogongana anazipa majina mapya ya ndani kwa Shade, programu-jalizi ya Maven, matoleo mawili yakae pamoja bila ugomvi.

Mwenye pupa hupakia kila kitu, akazalisha mgongano mwingine. Ustadi wa fundi huyu umo katika kujua cha kuacha. Na kazi ikishapita, anahakikisha pom.xml inataja toleo kamili la kila maktaba, ili atakayeirithi kazi hiyo ajenge kitu kilekile.