Dhana ya Asili katika Hoja ya Aristotle Kuhusu Utumwa: Uhakiki

Sehemu hii inahakiki namna Aristotle (384–322 K.K.) alivyoitumia dhana ya asili kuhalalisha utumwa. Hoja yetu ni kwamba kigezo alichokiweka mwenyewe katika Fizikia kinaipinga hoja yake katika Siasa.

Neno la Kiyunani phusis linahusiana na kitenzi chenye maana ya kuota au kukua, na natura la Kilatini linahusiana na kuzaliwa. Katika Kiswahili, neno maumbile hudokeza muumbaji. Kwa kuwa Aristotle hazungumzii muumbaji, tunatumia asili. Katika kitabu cha pili cha Fizikia, kitu cha asili ni kile chenye chanzo cha mwendo na utulivu ndani yake chenyewe. Anataja mfano wa Antiphon: kitanda cha mbao kikifukiwa kikachipua, kitakachoota ni mti, si kitanda.

Katika kitabu cha kwanza cha Siasa, anadai kuwa baadhi ya watu ni watumwa kwa asili kwa sababu hawana uwezo wa kutafakari na kuamua. Hata hivyo, anakiri kwamba asili hukusudia kuitofautisha miili ya watumwa na ya watu huru, lakini mara nyingi hutokea kinyume. Mtetezi wake atasema kuwa tofauti ya kweli imo rohoni. Lakini Aristotle anakiri pia kuwa uzuri wa roho si rahisi kuuona. Je, mnunuzi sokoni aliutambuaje? Isitoshe, mtumwa huzaa binadamu kama vile kitanda kinavyochipua mti. Ni sheria, si asili, inayomfanya mtoto huyo kuwa mtumwa.

Warumi walilitambua jambo hili. Mwanasheria Florentinus, ambaye maneno yake yamehifadhiwa katika Digesta ya mwaka 533 B.K., anaueleza utumwa kuwa utaratibu wa sheria ya mataifa unaomweka mtu chini ya umiliki wa mwingine kinyume cha asili. Pamoja na hayo, sheria hiyohiyo iliendelea kumlinda mmiliki.

Kwa hiyo, Aristotle aliliita jambo la kisheria kuwa la asili ili lisihojiwe, ilhali Florentinus aliliita kinyume cha asili na bado likabaki. Katika hali zote mbili, neno asili halikumkomboa mtumwa. Mhakiki hana budi kuuliza nani analitamka neno hilo, na kwa faida ya nani.