Silinda Tatu, Mvuke Mmoja

Tarehe 26 Julai 1916, kabla ya kuizamisha meli yao wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi, mafundi wa Kijerumani waliketi kuipaka injini grisi. Vita vilikuwa vimewafikia na Kigoma ilikuwa inaponyoka mikononi mwao, lakini hawakuharakisha. Walipaka grisi nzito kila penye chuma kilichosuguliwa, kisha wakaiachia meli ishuke Ziwa Tanganyika.

Meli hiyo ni Graf von Goetzen. Iliundwa mwaka 1913 katika karakana ya Meyer mjini Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande na kufungwa ndani ya makasha yapatayo 5,000. Ilisafirishwa hadi Dar es Salaam, ikapandishwa reli mpaka Kigoma, ikaunganishwa upya na kushushwa ziwani Februari 1915. Mwaka 1924 Waingereza waliiopoa, na mitambo yake ikaonekana bado inafaa. Ilirudi kazini mwaka 1927 kwa jina tunalolijua leo, Liemba, ikaendeshwa kwa mvuke hadi miaka ya 1970 ilipowekewa dizeli.

Injini iliyopakwa grisi siku ile ilikuwa ya aina iliyoendesha sehemu kubwa ya meli za dunia kwa zaidi ya nusu karne: injini ya mtanuko wa hatua tatu. Wanaoieleza husema kwamba ndani yake mvuke hutumika mara tatu. Usemi huo si uongo, ila unaruka jambo lenyewe. Mvuke ungeweza kutanuka kiasi kilekile ndani ya silinda moja kubwa, na kwenye karatasi hesabu ya kazi ingetoka ileile. Basi kwa nini mafundi walijitwisha silinda tatu, pistoni tatu, vali tatu na gharama zake zote?

Njia ya mvuke

Tuanze kwenye boila. Mvuke wenye shinikizo kubwa unaingia silinda ya kwanza, iliyo ndogo kuliko zote. Pistoni ikiwa bado iko njiani, vali inafunga mlango. Kuanzia hapo hakuna mvuke mpya unaoingia. Ule ulionaswa ndani unatanuka na kuendelea kuisukuma pistoni kwa nguvu zake wenyewe, huku ukipoa na kulegea. Huu ndio mtanuko, na ndipo uchumi wa injini ya mvuke ulipo. Ukiacha mlango wazi hadi mwisho wa safari ya pistoni, utapata nguvu nyingi, lakini utautupa nje mvuke ambao bado ni mzima.

Mvuke uliolegea hautupwi. Unapita kwenda silinda ya pili, iliyo pana zaidi kwa sababu mvuke wenyewe sasa umevimba. Unatanuka tena, kisha unaingia silinda ya tatu, pana kupita zote. Kutoka hapo unaangukia kwenye kondensa, sanduku la chuma lililojaa mabomba membamba yanayopitisha maji ya baharini au ya ziwani. Mvuke ukigusa mabomba hayo unarudi kuwa maji. Na kwa kuwa maji huchukua nafasi ndogo mno kuliko mvuke, ndani ya kondensa hubaki ombwe. Kwa hiyo pistoni ya mwisho inasukumwa upande mmoja na mvuke dhaifu, na upande wa pili haina cha kuizuia. Maji yaliyopatikana yanasukumwa na pampu kurudi kwenye boila, na safari inaanza upya.

Ukiwa na vipimo mkononi utaona jinsi silinda zinavyokua. Injini ya meli za Liberty, zilizojengwa Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ilikuwa na silinda za kipenyo cha inchi 24.5, 37 na 70. Kwa sentimita ni kama 62, 94 na 178. Ukilinganisha nyuso za pistoni, ya tatu ni zaidi ya mara nane ya ile ya kwanza.

Mfuniko wa sufuria

Sasa turudi kwenye swali. Funua sufuria ya wali unaoiva na utazame upande wa chini wa mfuniko: umejaa matone. Mvuke umegusa bati lililo baridi kuliko wenyewe, ukageuka maji papo hapo. Silinda ya injini inapata masaibu hayohayo kila mzunguko.

Chukua mvuke wenye shinikizo mara 12 ya lile la hewa. Joto lake ni nyuzi 188 hivi za Selsiasi. Mvuke huohuo ukikaribia ombwe la kondensa unakuwa kwenye nyuzi 54 au jirani na hapo. Kama silinda ni moja, ukuta uleule wa chuma unaguswa na mvuke wa nyuzi 188, na kufumba na kufumbua unaguswa na ule wa 54, kisha wa 188 tena. Chuma hakiwezi kubadilika haraka kiasi hicho, kwa hiyo kinabaki katikati, baridi kuliko mvuke mpya unaoingia. Sehemu ya mvuke huo inageuka matone ukutani kabla haijasukuma chochote. Baadaye shinikizo likishuka, matone yanachemka upya, lakini yamechelewa: pistoni inamaliza safari na mlango wa kutokea unafunguka. Makaa yaliyochemsha maji hayo yameungua bure.

Huyo ndiye mwizi ambaye injini ya hatua tatu ilitengenezwa kumzuia. Gawa mteremko huo wa joto mara tatu. Silinda ya kwanza inapokea mvuke kwenye nyuzi 188 na kuutoa kwenye 144. Ya pili inaupokea kwenye 144 na kuutoa kwenye 102. Ya tatu inaushusha kutoka 102 hadi 54. Hizi ni namba za mfano, lakini zinaonyesha hoja: ukuta wa kila silinda unapambana na tofauti ya nyuzi 45 hivi, badala ya 134. Matone yanapungua. Hata yale yanayochemka kwa kuchelewa katika silinda ya kwanza hayapotei, kwani yanaingia ya pili kama mvuke na kufanya kazi huko.

Kwa hiyo kinachogawiwa hasa ni joto. Mvuke unapitishwa tu kutoka nyumba moja hadi nyingine, na kila nyumba imezoea joto la mgeni wake.

Boila ndiyo iliyochelewa

Wazo la kupitisha mvuke katika silinda zaidi ya moja si la jana. Mwingereza Arthur Woolf alikuwa na hataza ya injini ya namna hiyo tangu mwanzoni mwa karne ya 19. Lakini baharini wazo hilo lilikaa miaka mingi bila kushika, na sababu haikuwa injini. Mvuke ukiwa na shinikizo dogo, mteremko wa joto ni mfupi na hakuna cha kugawa. Ili hatua ziwe na maana, lazima shinikizo lipande, na shinikizo lilizuiwa na chumvi.

Meli za mvuke za mwanzo zilipooza mvuke kwa kuuchanganya moja kwa moja na maji ya bahari, kisha zikayarudisha maji hayo ya chumvi kwenye boila. Chumvi iliganda juu ya chuma, chuma kikapata moto kupita kiasi. Boila ya namna hiyo haikuthubutu kubeba shinikizo kubwa. Kondensa ya mabomba, ambayo Samuel Hall aliipatia hataza mwaka 1834, ilitenganisha maji ya bahari na maji ya boila, na ilipokubalika baada ya miaka mingi ikafungua njia.

John Elder wa Glasgow aliweka injini ya hatua mbili kwenye meli Brandon mwaka 1854. Mwaka 1866 Alfred Holt wa Liverpool alituma Agamemnon kuelekea Uchina, na ikafika Mauritius, maili zipatazo 8,500, bila kutia nanga popote kuongeza makaa. Maana yake kibiashara ilikuwa nzito. Kila tani ya makaa isiyobebwa ni tani ya mzigo unaolipiwa. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa Novemba 1869, meli za namna hii zilikuwa tayari kuutumia. Mwaka 1872 meli za kampuni ya British India zilianza kuleta barua Zanzibar kwa ratiba, bila kungoja kaskazi wala kusi.

Hatua ya tatu ilianza kwa kushindwa. Mhandisi Alexander Kirk aliijaribu kwenye meli Propontis mwaka 1874. Injini ilifanya kazi, lakini boila za muundo mpya zilizohitajika kuilisha hazikuhimili. Alichosubiri ni chuma cha feleji, imara kuliko chuma cha zamani na chenye bei ya kufikika. Mwaka 1881 meli Aberdeen ilitoka karakana ya Napier huko Glasgow ikiwa na silinda za inchi 30, 45 na 70, na boila za feleji za paundi 125 kwa kila inchi ya mraba. Safari yake ya kwanza hadi Melbourne ilichukua siku 42, ikisimama mara moja tu, Cape Town, kuchukua makaa. Baada ya hapo ubishi ulikwisha. Injini za katikati ya karne zilikula kilo mbili hivi za makaa kwa kila nguvu-farasi kwa saa. Za hatua mbili zilishuka hadi kilo moja, na za hatua tatu zikakaribia robo tatu ya kilo.

Miguu mitatu ya baiskeli

Kugawa kuliwapa mafundi zawadi nyingine. Nguvu inayosukuma pistoni ni shinikizo mara eneo lake. Silinda ya kwanza ina shinikizo kubwa na uso mdogo, ya mwisho ina shinikizo dogo na uso mpana. Nikikadiria kwa vipimo vya injini ya Liberty, kila moja ya pistoni tatu inapata msukumo wa juu wa tani 25 hadi 30. Mvuke uleule wa kwanza ukiuingiza kwenye silinda moja ya sentimita 178, ungeisukuma kwa zaidi ya tani 300 mwanzoni, kisha ungelegea ghafla. Hakuna konrodi wala beringi ambayo ingependa maisha hayo.

Tena kuna suala la mahali pafu. Mwendesha baiskeli anajua kwamba pedali ikiwa juu kabisa, kuikandamiza hakuzungushi kitu. Injini ya silinda moja husimama hapo na kugoma kuanza. Katika ya hatua tatu, viwiko vya shafti vimepangwa kwa pembe ya nyuzi 120, hivyo pistoni moja ikiwa mahali pafu, nyingine mbili zinasukuma. Ni kama baiskeli ya mwenye miguu mitatu. Rafadha inazunguka kwa utulivu, na nahodha akitaka kurudi nyuma, injini inaitika.

Kwa nini basi wasiende hatua nne, tano, sita? Za hatua nne zilijengwa. Lakini kila silinda inaongeza uzito, msuguano na urefu wa chumba cha injini, huku mteremko wa joto uliobaki kugawiwa ukizidi kuwa mfupi. Mwishoni kuna tatizo jingine: mvuke dhaifu umevimba mno. Kwenye Titanic silinda ya mwisho iligawanywa kuwa mbili, kila moja karibu mita mbili na nusu, na mvuke uliotoka humo ukapelekwa kwenye tabo, gurudumu la mapanga ambalo halihitaji pistoni. Tabo hiyo ilichuma nguvu-farasi 16,000 kutokana na mvuke ambao silinda zilikuwa zimekwisha kuukinai.

Kilichoiua, na kilichoiokoa

Piga hesabu ya mwisho. Kilo 0.7 za makaa mazuri zina kama megajuli 21. Nguvu-farasi moja kwa saa ni megajuli 2.65. Kati ya kila sehemu nane za joto, moja tu inafika kwenye shafti. Nyingine inatoka na moshi, na kubwa kuliko zote inaondoka na maji ya kondensa. Dizeli iliweza kufanya mara tatu ya hapo, na haikuhitaji watu wa kuchochea moto usiku na mchana.

Hata hivyo Marekani ilipohitaji meli kwa wingi, ikajenga Liberty 2,710 kati ya 1941 na 1945 kwa muundo huu wa kizamani wa nguvu-farasi 2,500. Viwanda vyenye uwezo wa kuchonga gia za tabo vilikuwa vichache na vilishikwa na manowari. Injini ya hatua tatu ingeweza kutengenezwa na karakana nyingi za kawaida, na kuendeshwa na watu waliofundishwa kwa muda mfupi. Meli moja kati ya hizo Liberty, Jeremiah O'Brien, bado inawashwa San Francisco, na chumba chake cha injini ndicho kilichopigwa picha kwa filamu ya Titanic ya 1997.

Anayesimama ndani yake huona kila kitu: konrodi ziko wazi, zikipanda na kushuka mara 76 kwa dakika. Mwendo huo wa polepole uliwaruhusu watia mafuta kufanya jambo ambalo leo lingeonekana wazimu, kunyoosha mkono na kuigusa beringi inapopita ili kupima joto lake kwa kiganja, kisha kudondosha mafuta. Injini hizi hazikuwa na siri iliyofungiwa ndani ya kasha. Kila kiungo kilifikika kwa mkono, na adui yake mkubwa alikuwa kutu.

Mafundi wa Kigoma walilijua hilo kwa viganja vyao. Siku ile ya Julai 1916 walifanya kazi yao ya kila zamu, ila safari hii walipaka grisi ya kutosha miaka minane.