Kilele Kilichokatwa kwa Rula

Yako mazoea katika kufundisha grafu za kipeo cha pili ambayo hatuwezi kuyasifu. Mwanafunzi hupewa mlinganyo, huandika jedwali la namba nzima, hutia nukta, kisha huziunga kwa rula. Naye mwalimu huweka alama ya sahihi!

Tutwae mfano wa mtu wa Kidahwe mwenye matete ya kutosha ua wa mita 30, atakaye kuzungushia bustani ya mstatili kando ya mto. Upande wa mto hauhitaji ua. Kila ubavu utokao mtoni tukiuita x, eneo la bustani ni x(30 − 2x). Jedwali lasema: x ikiwa 7, eneo ni mita za mraba 112, ikiwa 8, ni 112 vilevile. Rula yachora dari bapa, na mwanafunzi aamini kwamba hapana zaidi. Kumbe mstari huu hupinda kama upinde, na kilele chake ki penye 7.5, eneo likiwa 112.5.

Nusu mita ya mraba si kitu, twakubali. Labda shina moja la nyanya. Lakini kilichopotea ni maana. Eneo huwa sifuri penye 0 na penye 15, na katikati yake wasimama mhimili wa ulinganifu. Kanuni ya −b/2a yatoa jibu lilo hilo, ila aliyeikariri tu hajui imetoka wapi. Zile 112 mbili zilizolingana zilikuwa zikimwonyesha mtoto kwamba kilele ki kati yao, na rula ikazinyamazisha.